Waliojua Nyumba ya Chokocho

Walioijua ile nyumba ya Chokocho walikuwa watatu tu, na asubuhi ile ya Jumanne wote watatu walikuwa wamekaa chumba kimoja, kila mmoja na kikombe cha chai kilichokwisha kupoa.

Wa kwanza ni Bi Asma, mkuu wa ofisi, Muunguja aliyekaa Pemba miaka kumi na mmoja, na bado akifungua mdomo watu hujua kaja na boti. Wa pili ni Haroub, ambaye kazi yake ni kukaa na wanaume wenye hasira kabla mkono haujanyanyuka. Wa tatu ni Mardhiya, anayewapokea wanawake mkono ukishanyanyuka. Ofisi yao ni nyumba ndogo ya kupanga hapo Gombani, si mbali na uwanja wa mpira, na mlangoni pana kibao kimeandikwa STARA, basi, hakuna maelezo zaidi. Mwenye shida hupajua.

"Sina maneno mengi," alisema Bi Asma, na kwa kawaida anayo. "Zulekha tulimpeleka Chokocho Jumatano iliyopita. Jana asubuhi mumewe, Msellem, yuko mlangoni anagonga na kumwita kwa jina. Kama si wale majirani waliotoka na michi yao mikononi, leo tungekuwa tunazungumza habari nyengine. Sasa Msellem yumo ndani, kesho anafikishwa mahakamani, na akipewa dhamana atatoka. Nataka kujua njia kaonyeshwa na nani."

Nje mtu alikuwa akipiga honi ya pikipiki bila sababu.

"Mimi sikusema," Bi Asma aliendelea. "Kwa hiyo wamebaki wawili. Kila mmoja aniandikie karatasi: alichokiona, alichokisikia, nani kakutana na nani. Alasiri napeleka taarifa Unguja. Aliyeitoa siri hana kazi tena hapa, na huenda akapata na kesi. Nisameheni wanangu, lakini Zulekha mkono wake umevunjwa pawili. Safari hii angevunjwa shingo."

Alitoka akawaacha. Mardhiya na Haroub wakabaki na vikombe vyao.

Sasa hapa ndipo palipokuwa na uzito, maana wawili hawa hawakuwa wafanyakazi wenza tu. Kwa miaka miwili Haroub alikuwa na mtindo wake: kila Mardhiya anapomaliza kumsikiliza mwanamke na kutoka ndani na uso umemshuka, atakuta juu ya meza yake chungwa limekwisha kumenywa. Hasemi neno. Humenya, huweka, huondoka. Machungwa yale yalimwingia Mardhiya kuliko shairi. Na wiki tatu nyuma ammi yake Haroub alikwenda Mtambile kwa kina Mardhiya na barua ya posa, akapokelewa kwa kahawa na kashata, na mpaka siku ile jibu halijatoka. Bi Mize, mama yake Mardhiya, aliikalia ile barua kama kuku. Mumewe alikwishafariki, neno lilikuwa lake, na neno lake lilikuwa moja: "Twatazama."

Alikuwa akitazama nini? Kwamba babu yake Haroub alikuja kutoka bara kulima mashamba ya mikarafuu, akafia hapa, akazikwa hapa, na mwanawe akazaliwa hapa, na mjukuu anasema Kipemba kuliko Wapemba. Kwa Bi Mize hayo yote yalikuwa bado hayatoshi kumfanya Mpemba.

Na ni Bi Mize aliyeleta habari. Jumapili, Mardhiya akipiga pasi buibui lake, mama alisema kwa sauti ya mtu anayezungumzia mvua: "Nchumba wako jana kaonekana na Msellem. Wamekaa wakanywa kahawa, wacheka. Hebu weye jiulize, ntu kavunja nke wake nkono, na yule yuacheka naye."

Jumapili Mardhiya alimtetea. "Ndiyo kazi yake, mama." Jumatatu asubuhi Msellem akagonga mlango wa Chokocho, na tangu hapo ule utetezi ulimkwama.

Kumpenda mtu na kumshuku ni mambo yanayoweza kukaa katika moyo mmoja, na Mardhiya aliyajua hayo yote mawili kwa pamoja alipomwona Haroub anainuka, anachukua karatasi tupu, anaikunja bila kuandika kitu, anatoka nje. Alimfuata. Walisimama karibu na tangi la maji, mlango wa nyuma wazi, ili asiwepo wa kusema wamejificha.

"Haroub."

"Naam."

"Jumamosi ulikuwa wapi?"

"Waniuliza weye, au aniuliza Bi Asma?"

"Nakuuliza mie."

"Mtambile. N'likaa na Msellem, nje ya duka la Duni, tukanywa kahawa. Saa nzima na zaidi."

Hakuficha, na kutoficha kwake kulimchoma zaidi. Alikwishajiandaa kumkamata na uongo.

"Na hukunambia."

"Lini n'shakwambia ninaokaa nao? Weye waniambia ya wale wanaokuja kwako?"

"Mlicheka nini?"

"Tulicheka?" Haroub alimtazama. "Nani kakwambia tulicheka?"

"Mlizungumza nini, basi?"

"Siwezi kukwambia hilo."

"Hata mie?"

"Hata weye. Mardhiya, ntu akikaa mbele yangu akanambia n'nataka kumuua nke wangu, anitolea mie kwa kuwa ajua halendi kokote. Siku akiona lakwenda, hatonambia tena. Atakwenda kufanya tu. Weye hilo walijua kuliko ntu yeyote."

Alilijua. Hata hivyo alitaka kuambiwa, na alitaka kuambiwa na yeye, tena pale pale, kwa sababu usiku wa kuamkia siku ile hakulala akimtazama katika mawazo akicheka na Msellem.

"Alikuuliza Zulekha yuko wapi?"

"Aliuliza. Kila siku auliza."

"Ukamjibu nini?"

"Kwamba yuko salama."

"Basi?"

"Basi."

"Basi kajuaje, Haroub?"

Hapo ndipo alipoliona. Haroub alifungua mdomo, akaufunga. Macho yakashuka mpaka kwenye bomba la tangi lililokuwa likivuja, akalifunga taratibu kana kwamba ndilo lililomtoa nje. Mardhiya kakaa na mamia ya watu wanaojua kitu na hawataki kukisema. Alikuwa akitazama mmoja.

"Wajua," alisema, na sauti ilimtoka ndogo. "Haroub, weye wajua kaambiwa na nani."

"Jana n'likwenda polisi, nkakaa naye."

"Akakwambia."

"Niulize kama n'lisema mie. Hilo n'takujibu mara mia."

"Sikuulizi hilo. Nakuuliza ni nani."

"Siwezi kulisema mie. Likitoka mdomoni mwangu litakuwa jambo jengine kabisa."

"Unamkinga nani?"

Alimtazama tu, na katika kutazama kule mlikuwa na kitu ambacho Mardhiya, siku nyengine yoyote, angekiita mapenzi. Siku ile alikiita hatia.

"Watu wawili, Haroub. Ni mie au weye. Na mie si mie."

"Basi andika," alisema. "Andika ulilolisikia na ulilolishuku. Usinionee haya."

Akaondoka kwa upande wa barabarani, mikono mifukoni, hakugeuka.

Mardhiya aliandika. Mistari mitano tu, kwa mwandiko wake mzuri wa skuli: kwamba Haroub alikutana na mshukiwa Jumamosi, kwamba mwenyewe amekiri, kwamba amekataa kueleza walichozungumza, kwamba anaonekana kumjua aliyetoa siri na hataki kumtaja. Kila neno lilikuwa kweli. Alipoweka nukta ya mwisho alihisi kama kajiuma ulimi.

Bi Asma aliisoma mara mbili. "Una hakika?"

"Nimeandika niliyoyasikia na aliyoniambia mwenyewe."

"Sikukuuliza hivyo," alisema Bi Asma, lakini karatasi aliichukua.

Ilikuwa bado saa nne. Zulekha alihitaji dawa zake za maumivu na nguo za kubadilisha, na Mardhiya alifurahi kupata pa kwenda. Tangu jana Zulekha alikuwa amehamishiwa nyumba nyengine, na ni wapi, hata wewe msomaji hutaambiwa. Yaliyokwishatokea yanatosha.

Alimkuta amekaa mkekani, mkono wa kushoto ndani ya plasta, wa kulia ukichora chora kwenye kanga aliyojifunika. Ni msichana wa miaka ishirini na sita, mwembamba, na tangu siku ya kwanza alisema kidogo kidogo, kana kwamba maneno yake yana mlinzi. Kazi ya Mardhiya ilimfundisha kutouliza. Unakaa, unamimina maji, unangoja. Mwenye lake atalitoa likiwa tayari. Siku ile alikaa, akamimina maji, akashindwa kungoja.

"Bi Zulekha, nisamehe. Jana alipokuwa mlangoni alisema nini?"

"Matusi."

"Na mengine?"

Zulekha aliivuta kanga mpaka kifuani. Halafu akasema, "Alicheka. Wallahi, alicheka. Aliniambia toka, waombewa dua mchana kweupe halafu wajificha."

"Kuombewa dua?"

"Asema Ijumaa alikuwa msikitini Mtambile. Baada ya kusali alasiri watoto wa chuo cha Kurani wakasomeshwa Yasini, na maalim akaomba kwa sauti: Zulekha binti Mwanaasha, yuko Chokocho kwa watu, Mwenyezi Mungu amfiche na adui yake." Akaupapasa ule mkono wenye plasta. "Msellem alikuwa safu ya pili. Aniambia, 'Na mie nimeitikia amin pamoja na wenzangu, nkaja nkakutafuta nyumba kwa nyumba.'"

Mardhiya aliweka chini kikombe cha maji.

"Kwa nini hukuwaambia polisi?"

"N'liona haya." Zulekha alimwangalia kwa mara ya kwanza. "Kuna ntu kanikumbuka akaniombea mema, dada. Hata ndugu zangu hawakuniombea. Nende nikamtaje polisi?"

Jina la mama. Ndilo lililomvunja Mardhiya, maana huku mtu huitwa kwa baba yake skuli, hospitali na mahakamani, na jina la mama halitajwi ovyo mbele ya watu. Jina la mama hutajwa kwenye dua. Na jina hilo la Mwanaasha, Zulekha alikuwa kalitoa kwa mtu mmoja tu, siku ya kwanza, alipoulizwa nani apigiwe simu likitokea la kutokea.

Jumatano ile Mardhiya alirudi kwao na damu kwenye ukingo wa buibui. Mama yake alishtuka, akamshika mabega, akauliza una nini mwanangu, nani kakuumiza. Na Mardhiya, mwenye siri za watu mia, alikaa chini sakafuni akaweka kichwa kwenye mapaja ya mama yake akalia. "Si mie, mama. Ni msichana wa watu. Tumemficha Chokocho, kwa watu wema. Muombee, mama. Zulekha binti Mwanaasha. Muombee Mungu amfiche na adui yake."

Kwa mdomo wake mwenyewe. Akasahau, kama mtu anavyosahau alichosema akiwa usingizini.

Bi Mize alikuwa uani Mtambile, kakaa juu ya jamvi, mbele yake chungu ya karafuu mbichi, akichambua. Vidole vyake vilikwenda vyenyewe: karafuu huku, makonyo, vile vijiti vyake, huku. Alipomwona bintiye saa ile, vidole vilisimama.

"Wafukuzwa kazi?"

"Mama, Ijumaa ulipeleka kitu chuoni?"

"N'lipeleka. Sinia la mandazi na birika la chai. Si uliniambia tumwombee yule ntoto?"

"Nilikwambia umwombee weye."

"Mie n'liomba. Nkaona dua ya ntu mmoja haitoshi. Watoto wale hawana dhambi, dua yao yapokewa haraka." Uso wake ulikuwa na furaha ndogo ya mtu aliyetenda jema kimya kimya. "Kumbe ushapata habari? Keshapona?"

"Na Chokocho, mama? Chokocho uliitaja ya nini?"

"Maalim Ame kaniuliza mgonjwa yuko wapi. Nkamwambia."

"Mungu anajua yuko wapi!"

"Mungu ajua," alisema Bi Mize. "Maalim hajui."

Mardhiya alikaa chini, buibui lote likaingia kwenye makonyo. Akamweleza: safu ya pili, ile amin, mlango wa Chokocho, wanawake na michi. Bi Mize alisikiliza huku mkono wake umefumba karafuu chache, akizidi kufumba, mpaka harufu yake ikajaa baina yao.

"Alikuwepo?" aliuliza mwishowe. "Mle ndani? Akaitikia?"

"Akaitikia."

"Astaghfirullah. Astaghfirullah." Alijipiga kifua kwa kiganja. "N'memuuza ntoto wa watu kwa mandazi."

"Si weye, mama. Nimemuuza mie. Weye hukuapa kunyamaza." Halafu likamtoka lililokuwa likimkaba njia nzima. "Na Haroub anajua. Jana Msellem kamwambia ya ile dua, na kila mtu chuoni anajua sinia limetoka kwa nani. Kajua kuwa ni nyumba hii, na hakusema. Na mie nimeandika karatasi dhidi yake."

Mtu asimdhanie vibaya mama huyu. Alikuwa na mdomo, alikuwa na kiburi cha ukoo, lakini akikosea hakuwa mtu wa kutafuta kivuli cha kujifichia. Alifungua mkono, akarudisha karafuu jamvini, akainuka kwa kushika goti.

"Nipe buibui langu," alisema.

"Mama, nitakwenda mwenyewe."

"Nipe buibui langu, Mardhiya. Sinia nililibeba mie."

Walifika Gombani alasiri inaadhiniwa. Haroub alikuwa ndani kwa Bi Asma, amesimama. Juu ya meza paliwekwa funguo za pikipiki ya ofisi, simu ya kazi na kitambulisho chake, vimepangwa vizuri. Karatasi ya Mardhiya ilikuwa wazi pembeni yake. Alikuwa kaisoma.

"Asalaam alaykum," alisema Bi Mize mlangoni.

"Waalaykum salaam. Karibu, Bi Mize," alijibu Haroub, akavuta kiti, akampisha. Hata siku ile adabu haikumtoka.

Mardhiya hakukaa. "Bi Asma, siri imetoka kwetu. Mie nilimwambia mama Jumatano, na jina na mahali. Mama akapeleka dua chuoni. Msellem alikuwemo msikitini. Haroub hakusema kitu kwa mtu. Yale niliyoyaandika, naomba yafutwe."

Alisema kwa mkupuo mmoja akiogopa kwamba akipumua hatamaliza. Kisha Bi Mize akasema yake, kwa Kipemba kilichomfanya Bi Asma asogeze kiti mbele asikie vizuri, hakuacha kitu, hata idadi ya mandazi. Alipomaliza, Bi Asma alivua miwani akajifuta macho, na haikujulikana kama analia au anataka kucheka, kwa maana jambo lenyewe lilikuwa na yote mawili.

"Miaka kumi na mmoja," alisema. "Nimeziba madirisha, nimeziba simu, nimeziba midomo ya madereva. Dua sikuiwazia."

Akavaa miwani tena. "Taarifa nitaiandika upya, na nitaiandika kama ilivyo. Unguja wataamua kuhusu kazi yako, Mardhiya, na mimi nitakuombea ubaki, kimya kimya, chumbani kwangu. Lakini ukibaki, nyumba za kufichia watu hutazijua tena. Utawapokea, utawasikiliza, ukiwafikisha kwenye mlango wa gari utarudi ndani."

"Nimekubali."

"Haroub, chukua funguo zako."

Haroub alichukua funguo, simu na kitambulisho, kimoja kimoja. Karatasi yenye mwandiko mzuri wa skuli hakuigusa. Alitoka barazani, na Mardhiya akatoka nyuma yake, na Bi Mize nyuma ya Mardhiya, maana hapakuwa na wa kumzuia.

"Kwa nini hukunambia?" Mardhiya aliuliza. Alitaka kusema nisamehe, na badala yake likatoka lile.

"N'ngekwambia nini? Kwamba siri kaitoa mama yako, yuleyule aliyeikalia posa yangu wiki tatu? Asubuhi ile, pale kwenye tangi, ungeniamini?"

Alitaka sana kusema ndiyo. Aliutafuta huo ndiyo kila pembe ya moyo wake.

"Hapana," alisema.

"Ahsante. Hiyo ni kweli." Haroub alikuwa akizungusha funguo kidoleni. "N'likaa siku nzima nikingoja uniambie neno moja. Si weye, Haroub, sijui ni nani lakini si weye. Basi hilo tu. Sasa ushapata ushahidi, waniamini. Hakimu naye angeniamini, Mardhiya, na hakimu hanijui."

Machozi yalimjaa Mardhiya, akayaacha yashuke. Miaka miwili amewaambia wanawake kwamba kulia si aibu, na leo ilikuwa zamu yake kuamini.

Bi Mize alikohoa. Hakujua kuomba radhi kwa njia za ofisini. Alijua kwa njia moja tu, nayo ilikuwa kubwa.

"Mwanangu Haroub," alisema, na ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo. "N'mekukosea. N'mekusema kwa watu, na uliyoyanyamaza ungeweza kuyasema ukaniaibisha. Ile posa yako, tumeridhia. Leo hino. Mwambie ammi yako aje achukue jibu."

Wiki tatu Mardhiya alikuwa akiliomba neno lile kila sala. Alimtazama Haroub, akaona furaha inakuja mpaka karibu na macho, kisha akaiona inarudishwa.

"Bi Mize, ahsante sana. Umenitukuza." Aliinamisha kichwa kwa heshima. "Lakini leo mwaniona haya, na ntu mwenye haya hutoa chochote alichonacho. Sitaki nioe haya ya watu. Kaeni nalo jibu lenu. Haya ikishatoka, mkiona bado mnalo, n'takuja kuliuliza mwenyewe."

"Na kama watu watasema..."

"Watu wasema tangu babu yangu, Bi Mize."

Bi Mize aliinamisha uso.

Haroub alishuka ngazi mbili za baraza, akasimama. Alimgeukia Mardhiya, na kwa mara ya kwanza siku ile sauti yake ilikuwa ya siku zote. "Kesho asubuhi n'takuwa mahakamani. Msellem akipewa dhamana, atoka na mie. N'takaa naye kutwa. Na kesho kutwa."

Watakaa wapi? Watazungumza nini? Atamwambia nini kuhusu Zulekha, na Msellem atamwambia nini kuhusu Bi Mize? Maswali yalimjia Mardhiya kwa pamoja, yakamjaa mdomoni kama maji ya moto. Haroub alisimama pale pale akimngoja, na alijua kwamba maswali yapo, na Mardhiya alijua kwamba Haroub anajua.

Alimeza. Yaliunguza yote mpaka chini.

"Nenda salama," alisema.

Haroub alimtazama kidogo zaidi ya inavyopasa. Kisha akapanda pikipiki akaingia barabarani kuelekea Chake, na mlio wake ukachukua muda mrefu kupotea.

Bi Mize alisogea karibu na bintiye, akamfunga vizuri mtandio uliolegea. Alivumilia kadiri alivyoweza kuvumilia, na si kwa muda mrefu.

"Kesho wataka kuzungumza nini wale?"

"Sijui, mama."

"Na hukumuuliza?"

"Sikumuuliza," alisema Mardhiya. "Na weye usinitafutie habari."